Jinsi ya Kumrekodi Jini Kisiwani Funzi: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Filamu za Familia

Basi umeamua. Mfadhili umempata, kamera umeazima, na kichwani limekujia wazo jipya kabisa, ambalo halijamjia mtu tangu Douglas Fairbanks arukeruke juu ya mitungi kwenye The Thief of Bagdad mwaka 1924: utachukua kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela ukifanye filamu ya watoto na wazazi wao. Morocco ni ghali na Jordan ni mbali, kwa hiyo utarekodia Funzi.

Hongera. Umevuka Likoni kwa feri, umepita Ukunda na Msambweni, ukakata kushoto kuelekea Bodo, na sasa umesimama ufukweni ukitazama ng'ambo. Mbele yako pana kisiwa chenye kijiji cha wavuvi, minazi, mibuyu na mikoko inayofuata mkono wa bahari hadi mdomo wa Mto Ramisi, ambako kuna mamba. Kwenye muswada wako umeandika: "Jangwa. Mchana. Msafara wa ngamia."

Usikate tamaa. Jangwa lipo, ila ni la muda. Maji yakipwa, karibu na kisiwa hujitokeza fungu la mchanga mweupe ambalo kamera ikiinamishwa vizuri na mikoko ikikwepwa, mtu wa Nairobi hataweza kulitofautisha na Arabuni. Ngamia nao wako Diani, ambako kazi yao ni kuwatembeza watalii ufukweni. Kodisha wawili, wa tatu utamwongeza kwa kompyuta. Kilichobaki ni kuwapandisha kwenye mashua, na hapo utahitaji adabu kuliko fedha, kwa sababu nahodha wa Bodo ni mtu mzima na ana maswali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu naye ni abiria?"

"Ni wa filamu, mzee. Tunataka mandhari ya Arabuni."

"Waarabu waliokuja huku walikuja na majahazi. Ngamia sikusikia."

Usimjibu. Ukimjibu itakubidi ukiri kwamba Sindbadi, baharia mashuhuri kuliko wote katika visa hivyo, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri kutoka Basra kwa bahari, pepo zikimpeleka na kumrudisha, na kwamba mzee huyu anayekuuliza maswali anaijua kazi ya Sindbadi kuliko mshauri wako wa historia. Mpe nauli ya ngamia muondoke.

Kuhusu ratiba: mwongozaji mzuri hupanga siku zake kwa saa, na bahari ya Kwale hupanga zake kwa mwezi. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Fanya hesabu mwenyewe. Jumatatu saa nne asubuhi jangwa lako liko wazi, mwana wa mfalme amepanda ngamia, jua zuri. Jumatatu inayofuata, saa nne ileile, unataka kumalizia tukio lilelile, na pale aliposimama ngamia wanapita samaki. Wavuvi watakuwa wamekwambia haya mapema, lakini wewe ulikuwa na programu kwenye simu.

Sasa chagua kisa. Chagua Aladini. Usihangaike kutafuta kingine. Kila mtu amechagua Aladini. Kina sifa moja kubwa: hakijaonekana kwenye hati yoyote ya Kiarabu iliyotangulia tafsiri ya Kifaransa. Antoine Galland, aliyeanza kuvichapisha visa hivi Paris mwaka 1704, alikisikia mwaka 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana wa Kisiria kutoka Halabu. Na Diyab alikiweka Uchina. Kwa hiyo fungu lako la Funzi litawakilisha Arabuni inayowakilisha Uchina ya Msiria aliyekuwa akimsimulia Mfaransa. Mtu akikulaumu kwamba umepotosha asili, mwulize ipi.

Hatua inayofuata, na hii ni lazima kwa filamu ya familia, ni kumwondoa mama. Katika kisa chenyewe Aladini ana mama, mjane wa fundi cherehani, anayesokota pamba ili mwanawe mvivu apate kula. Ndiye anayeisugua taa mara ya kwanza, jini anatokea, naye anazimia. Ndiye anayekwenda kwa sultani siku baada ya siku kumposea mwanawe binti mfalme, anasimama barazani mpaka wanamchoka. Nusu ya kisa iko mabegani mwake. Disney walimwandalia mama huyo nafasi kwenye filamu yao ya mwaka 1992, wakatunga hata wimbo ambao mwanawe angemwimbia, kisha wakamtoa yeye na wimbo wake, wakambakiza kima. Fuata mfano huo. Familia hupendeza zaidi pasipo wazazi. Hawaongezi gharama na hawaulizi mtoto amelala wapi.

Kima utampata bure. Tumbili wa Diani hawahitaji mkataba: acha dirisha wazi watakuja wenyewe, wakiwa na mahitaji yao. Mbega usiwaguse. Hao ni wanyama wanaolindwa, wana watu wao wanaowatetea, na wamefungiwa ngazi za kamba juu ya barabara ya Diani ili wavuke bila kugongwa. Nyota wako wa kike hajapewa huduma hiyo.

Zulia linaloruka liweke, ingawa halimo katika kisa cha Aladini. Ni la Mwana Mfalme Huseini, kwenye kisa kingine kabisa, lakini ukiliacha watoto watadai fedha zao. Ila lazima liwe zulia. Fundi wako wa mapambo, akiwa kijana wa huku, atakushauri utumie mkeka wa ukindu uliosukwa na kina mama, wenye rangi za kupendeza, mwepesi, ambao hata upepo wa kusi unaweza kuuinua bila kompyuta. Mkatalie. Mkeka utawafanya watazamaji wadhani mambo haya yanatokea kwao.

Haya, tuje kwa jini mwenyewe, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa.

Kwenye filamu za Marekani jini ni mtumishi. Unasugua taa, anatoka na moshi, anacheka, anaimba, anakuuliza bwana unataka nini. Mwaka 1992 alikuwa sauti ya Robin Williams; mwaka 2019 akawa Will Smith aliyetiwa rangi ya buluu, na filamu hiyo ikaingiza zaidi ya dola bilioni moja. Pwani ya kusini mambo yako kinyume. Mwenye matakwa ni jini. Anampanda mtu kichwani, mganga anaketi naye, anamwuliza jina lake, ametoka wapi, ana haja gani. Na hapo orodha inaanza. Marashi. Halua. Ubani. Kitambaa chekundu. Mbuzi, na mbuzi mwenyewe awe wa rangi aliyoitaja yeye, si uliyempata wewe mnadani. Ngoma ya usiku kucha, na wapigaji ngoma nao wanakula. Jini wa kwetu hatimizi haja tatu. Anadai saba, na ukichelewesha anaongeza ya nane.

Wazia sasa mtoto wa Msambweni ameketi mbele ya filamu yako. Tangu azaliwe ameonywa asikatize chini ya mbuyu magharibi, asipige mluzi usiku. Anamjua kwa jina mwanamke wa mtaa wa pili ambaye rohani wake hapatani na samaki wa aina fulani. Unamwonyesha kiumbe cha buluu kinachofanya mzaha na kuahidi ngamia 75. Hataogopa, hilo ni kweli, na filamu ya familia haitakiwi kutisha. Lakini bibi yake, aliyeketi nyuma na leso begani, atauliza kwa sauti ya ukumbi mzima: "Na huyo anadai nini?" Kwa sababu anajua hakuna jini wa bure. Swali hilo likiulizwa, filamu yako imekwisha. Hakikisha bibi hawaingii.

Dokezo la mandhari, lihusianalo na hayo. Ukipita kwenye pango ukakuta vitambaa vyekundu, vyeupe na vyeusi vimefungwa, vyetezo na chupa za marashi chini, usidhani ni mapambo yaliyoachwa na kikosi cha filamu kilichotangulia. Pale pana mzimu na wenyewe wapo. Na kuhusu pango la Shimoni: najua umeshalitia alama kwenye ramani yako, "Pango la Hazina". Wenyeji wanalionyesha kama mahali walipofungiwa watumwa wakingoja kupakiwa. Ukitaka kumwaga humo sarafu za plastiki na kumwimbisha kijana kuhusu uhuru wake, hakuna mwongozo utakaokufaa.

Mambo ya ukatili yatakusumbua kidogo. Visa hivi vilisimuliwa na mwanamke aliyeolewa na mfalme mwenye desturi ya kuua mke kila kukicha, kwa hiyo lugha yake si ya chekechea. Mchukue Ali Baba. Kaka yake anakatwa vipande vinne, kisha anaitwa fundi viatu akiwa amefungwa kitambaa machoni ili aje kuvishona pamoja azikwe mtu mzima. Wezi 37 wamejificha mitungini, na Marjana, mjakazi ambaye ndiye mwenye akili peke yake katika nyumba ile, anachemsha mafuta na kuwamiminia mmoja mmoja. Kwenye filamu ya familia mafuta yawe ya nazi, yawe vuguvugu, na wezi watoke wakiwa na ngozi laini. Marjana mpe nafasi ya kucheza dansi. Ya kufikiri apewe mwanamume.

Jina la mji litungwe. Usiandike Funzi popote. Disney walitunga Agrabah, na faida ya jina la kutunga ilionekana Desemba 2015, kampuni moja ya kura za maoni ya Marekani ilipowauliza wapiga kura wa chama cha Republican kama wanaunga mkono Agrabah ipigwe mabomu. Asilimia 30 wakasema ndiyo. Ni mji wa katuni, na hakuna aliyeumia. Wewe mji wako uite Funzabah, na wakaazi wake waambie wasizidi kujionyesha.

Kuhusu lugha, kanuni ni rahisi na imeshajaribiwa. Wabaya wapewe lafudhi. Katika Aladdin ya 1992 kijana na binti mfalme walizungumza kama waliozaliwa California, na wenye lafudhi ya kigeni wakawa walinzi na wachuuzi. Wamarekani wenye asili ya Kiarabu walilalamika, na mwaka uliofuata maneno ya wimbo wa ufunguzi yakabadilishwa, lafudhi zikabaki. Kwetu fanya hivi: shujaa na mchumba wake wazungumze Kiswahili cha msomaji habari wa saa moja. Lafudhi ya pwani waachie mganga, mchawi, mlevi wa mnazi na mjomba mvivu aliyejifunga kikoi, kama tunavyowaona kwenye tamthilia nyingi. Funzi wana lahaja yao, ambayo wanaisimu wameitaja pamoja na Chivumba cha Wasini na Vanga. Ina utamu wake na utani wake. Usiitumie hata kidogo, mtu atafikiri umefanya utafiti.

Mavazi, pita haraka: suruali za hariri zenye kuonyesha kitovu, zivaliwe na mabinti wa kisiwa ambacho mama hatoki mlangoni bila leso mbili. Kisha nenda kwa imamu ukaombe kuazima ua wa msikiti.

Leseni ya kurekodi utaiomba chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na filamu ikikamilika utaipeleka Bodi ya Uainishaji wa Filamu iipe daraja la umri. Kwa jinsi ulivyomsafisha Marjana, hutapata shida.

Sasa yale ya kuepuka. Nayataja ili usije ukayaangukia kwa bahati mbaya.

Usisome kitabu cha Edward Steere, Swahili Tales, cha mwaka 1870. Steere alikusanya ngano Unguja, na humo utamkuta Hasibu Karimu Dini, kijana aliyetelekezwa na wenzake ndani ya shimo la asali, akachimba mpaka akatokea kwa mfalme wa nyoka. Humo yumo pia Mohammadi Mtepetevu, mvivu kupita kiasi, anayetajirishwa na kima. Hivi ni visa vya Alfu Lela Ulela vilivyoingia kinywani mwa Waswahili na kutoka vimebadilika: nyoka aliyekuwa malkia kwa Waarabu, Unguja ni mfalme. Ukikisoma utagundua kwamba kazi unayolipwa kuifanya ilikwisha kufanywa bure, na watu waliokuwa wakiongea barazani. Usisome pia tafsiri ya Brenn na Johnson, wala ile ya Hassan Adam iliyotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Hizo zina Kiswahili kizuri, na Kiswahili kizuri kitakufanya uuone muswada wako ulivyo.

Usimwige Lotte Reiniger. Huyu Mjerumani alitengeneza The Adventures of Prince Achmed mwaka 1926 kwa mkasi, karatasi nyeusi na taa. Ndiyo filamu ndefu ya katuni ya zamani zaidi iliyosalimika, na hakuna ngamia aliyepandishwa mashua. Mtu akikwambia kwamba shuka jeupe, karabai na vijana watano wa shule wenye mikono mizuri vinaweza kufanya kazi hiyohiyo Funzi kwa wiki chache, mkumbushe kwamba mfadhili ameshalipia droni.

Na zaidi ya yote, usiguse kisa cha Mvuvi na Jini.

Hicho ni hatari. Mvuvi mzee, maskini, ana mke na watoto watatu, na ana desturi ya kutupa wavu mara nne tu kwa siku. Mara ya kwanza anavuta mzoga wa punda. Mara ya pili mtungi uliojaa mchanga na tope. Mara ya tatu vigae na chupa tupu, jambo ambalo mvuvi yeyote wa leo ataliona kama taarifa ya jana. Mara ya nne unapanda mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi na muhuri wa Nabii Suleimani. Anaufungua, moshi unapanda mpaka mbinguni, jini anamwambia: chagua utakavyokufa.

Kwa nini? Kwa sababu alikaa humo karne nyingi akingoja. Mwanzoni aliapa kumtajirisha atakayemfungua. Hakuja mtu. Akaapa kumfungulia hazina za ardhi. Hakuja mtu. Baadaye akaahidi haja tatu, hizohizo zilizomtajirisha kila mtayarishaji wa filamu, na bado hakuja mtu; ndipo akakasirika akaapa kumwua. Yaani haja tatu zimo, ila muda wake ulikuwa umekwisha. Na mvuvi anajiokoa bila upanga na bila wimbo. Anamwambia tu: siamini kwamba mwili wote huo uliingia humo. Jini anaingia ili amwonyeshe. Mvuvi anarudisha kizibo.

Ona hatari yake. Huhitaji jangwa. Hauhitajiki mji, wala jeshi, wala kasri. Unahitaji mzee mmoja, ngalawa, bahari, na wavu. Hata wavu utakupa kisa: ukiwa juya, chombo kilichopigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2001, afisa uvuvi atamfikia mzee kabla ya jini, ukiwa jarife, tutaendelea. Mke wa mvuvi atakuwemo, maana lazima mtu amwulize mbona leo kikapu kitupu, na akiambiwa habari ya jini aulize alikuwa anadai nini. Watoto watacheka jini anapojirudisha mtungini, kwa sababu wamesikia ya Abunuwasi na wanajua mjanja anavyomfunga mwenye nguvu. Bibi naye ataridhika, kwa kuwa jini huyu hatoi cha bure. Ukifanya hivyo utakuwa umetengeneza filamu ambayo watu wa Funzi wataitazama na kurekebisha makosa yake papo hapo, kwa sauti, kama wanavyomrekebisha msimulizi. Mfadhili hatapenda. Atauliza ngamia wako wapi.

Lakini kama umeshapotoka na umeamua kukirekodi kisa hicho, basi nenda taratibu. Muswada ausome bibi kabla ya Bodi. Mvuvi unayemweka mbele ya kamera mlipe posho ya mwigizaji pamoja na samaki wa siku hiyo ambao hakuwavua. Ngamia warudishe Diani leo, wana wateja. Na kabla hujapakia chochote mashuani Bodo, mwulize nahodha saa za maji: yakipwa mashua haisogei, na vyombo vyenu mtavibeba kichwani kwenye tope la mikoko.